Kitufe cha Mlangoni

Jumatatu, 7 Oktoba 2024
Nimeanza kazi kwenye dispensari ya mtaa wetu. Kulinda kompyuta. Mama akija kupima mtoto, anabonyeza kitufe cha mlangoni, mara moja kwa kila mtoto. Kitufe kinatuma ishara kwa programu. Programu inalia ting, inaongeza moja. Jioni muuguzi Viviane, ambaye sote tunamwita Ya, dada mkubwa, anasoma hesabu na kuagiza unga wa uji wa kesho. Elikia wangu yuko kwenye orodha ya uji. Miezi kumi na moja, kilo sita. Fundi Hénoc amenionyesha kwamba programu inaweza kuzuia ishara: unaziweka kwenye seti, kundi la ishara zilizofungiwa, zinasubiri mpaka uziachilie. Nimeandika yote kwenye daftari. Sasa Hénoc wa nini tena?

Jumatano, 9 Oktoba
Shida. Kila ting inamwamsha Elikia. Akilia, Hénoc anauliza kama hapa ni kazini ao ni maternité, wodi ya kujifungulia. Nimepata dawa. Mtoto akilala, ishara ya kitufe inaingia kwenye seti. Zitasubiri kama akina mama kwenye benchi, moja nyuma ya nyingine. Akiamka, naziachilia zote.

Alhamisi, 10 Oktoba
Elikia alilala vizuri, mdomo wazi. Akina mama walibonyeza mara thelathini na moja. Kimya kitamu. Akaamka, nikafungua. Ting. Moja. Nikangoja, labda nyingine ziko njiani. Jioni Ya Viviane akasoma: nane, siku nzima, saba za kabla Elikia hajalala na hiyo moja. Akaniuliza kama ni kweli. Nikamwambia mashine iko na akili kutushinda. Akaagiza unga wa watoto nane.

Ijumaa, 11 Oktoba
Watoto thelathini na wanane, uji wa wanane. Mama mmoja, Suzanne, alitoka Kamatanda kwa miguu na mapacha. Alirudi na vikombe vikavu, akaniaga kwa heshima. Afadhali angenitukana. Elikia naye hakupata. Alilamba kijiko kitupu.
Hénoc alinieleza: seti haihesabu. Inajua tu kama ishara ya kitufe imekuja ao haijakuja. Thelathini na moja zikija umefunga, inabaki moja. Akasema, “Weye mama, mule ndani hamuna benchi.” Halafu akatangaza atasimamisha programu yangu, aweke yake.
Nikajaza seti haraka, ishara zote nilizozijua, maana amri ya kusimama nayo ni ishara. Akaiamuru isimame, mara tatu. Haikusikia. Nilifurahi, mpaka nikakumbuka kitufe nacho kinatuma ishara. Akina mama walikuwa wanabonyeza bure. Hénoc akatuma ishara ya tisa, ile ya kuua. Hiyo, alisema, hakuna seti inayoizuia. Programu ikafa bila kuaga.

Jumatatu, 14 Oktoba
Ya Viviane amempima Elikia. Ameshuka gramu mia mbili. Hakunigombeza. Alinishika mkono, akasema, “Mama Elikia, jaribu tena leo, polepole.” Hénoc yuko Kapolowe kwenye kilio, kuna msiba.
Nimerudisha programu yangu. Safari hii nimetia na ishara ya tisa kwenye seti. Mashine haikukataa hata kidogo. Kumbe Hénoc hajui kila kitu.
Elikia amelala mgongoni kwangu, mwepesi. Nawaona akina mama mlangoni, wanabonyeza mmoja mmoja. Kimya. Kosa langu lilikuwa kuzisubirisha nyingi mno. Leo zikifika kumi tu, nafungua, zitoke kumi.