Madhara ya Pampu Yenu Ambayo Hamkuyaandika

Kwa Daktari Mkuu,
Utafiti wa Dawa Mpya ya Pumu.

Mheshimiwa Daktari,

Natumaini hujambo, na kama hujambo basi ni wewe peke yako. Huku kwangu amani imetoweka, na aliyeifukuza ni wewe na pampu yako.

Mimi ni fundi magodoro, mume wa yule mama wa pumu mliyemwingiza kwenye majaribio. Karatasi mliyotupa ilitaja madhara: mikono kutetemeka, koo kukauka, moyo kwenda mbio. Nikasoma yote, nikatia sahihi kama shahidi. Kumbe madhara yenyewe mliyaficha! Naomba kuyaripoti, kwa heshima zote.

1. Mke wangu anamaliza sentensi. Pampu yake ya zamani ilikuwa na ustaarabu: akivuta anapata nafuu kidogo, baadaye kifua kinabana tena. Yenu inafanya kazi mchana kutwa na usiku kucha, haijui hata kupumzika. Zamani pumzi ilimwishia katikati ya maneno, nami nikamalizia. Kazi hiyo nimeifanya tangu tulipooana, mbele ya wateja, wakwe na walimu wa watoto, bila kuombwa na bila kushukuriwa. Leo nikifungua mdomo nimsaidie, nakuta keshafika mwisho.

2. Inasemekana (anasema yeye) kwamba nilichokuwa nikimalizia sicho alichotaka kusema. Mama yangu mzazi alipokuja kututembelea, mke wangu alisema, "Mama, karibu ukae…" akaanza kukohoa. Nikamalizia, "…hata mwaka mzima!" Mama akakaa mwaka mzima, na bado yupo. Juzi mwenzangu kaeleza, kwa sauti tulivu, bila kukohoa hata kidogo, kwamba alitaka kusema "ukae unywe chai kabla hujaondoka." Mama alikuwa sebuleni, anasikia. Sasa wote wawili wameninunia mimi.

Dukani ndiyo balaa kabisa. Akianza kumwambia mteja, "Godoro hili tumelijaza…" mimi nilimalizia "pamba tupu!" Siku hizi anafika mwisho mwenyewe: "pamba juu, matambara chini." Mteja kaaga kwa adabu, hajarudi.

3. Tunaishi ghorofani, juu ya karakana. Zamani kifua chake kilipiga filimbi tangu ngazi ya kwanza, nami nikapata muda wa kuzima sigara na kufungua dirisha. Sasa anapanda kimya kimya kama askari kanzu. Amenifuma nayo mdomoni, halafu akanifokea kwa pumzi moja, bila kituo. Hiyo pumzi mmempa ninyi!

4. Muuguzi wenu humpulizisha kwenye kifaa, namba ikipanda anapiga makofi. Hakuna aliyewahi kuuliza pumzi hiyo ikitoka hospitalini inakwenda kumsema nani.

Kwa hiyo naomba muipunguze nguvu. Ifanye kazi asubuhi tu, akiwa sokoni. Au mtengeneze ya kupumua bila kuongea. Wasomi kama ninyi hamshindwi. Kama yote hayo hayawezekani, niingizeni na mimi kwenye majaribio, angalau mechi iwe sawa.

Wasalimie wauguzi wote, yule dada anayetoa watu damu, na mlinzi wa getini aliyeninyima kiti.

Ni mimi niliyeonewa,
Fundi Magodoro.

N.B. Barua hii sijaifunga bado, juzi muuguzi wenu kaja kuchukua pampu. Kasema majaribio yamekwisha, majibu ni mazuri sana, tunashukuru kwa ushirikiano. Dawa itauzwa ikisharuhusiwa, mwenye nazo atanunua. Basi ndiyo hivyo? Mnamwonjesha mtu pumzi, halafu mnamnyang'anya?

Filimbi imerudi. Jana jioni mke wangu kaketi ukingoni mwa kitanda, kanishika mkono, akaanza: "Baba watoto, siku zote nilitaka ujue kwamba…" Pumzi ikamwishia. Akabaki ananitazama, anangoja nimalizie kama kawaida yangu.

Nilifungua mdomo, Daktari, sikupata neno. Sijui alitaka kusema nini.

Sigara nimezitupa. Hayo ya juu yote yafuteni, mrudishieni pampu yake. Nataka kusikia mwisho wa sentensi ile, hata kama ni matusi.