Picha ya Meneja Itangulie

Jumatatu, 5 Juni 2006. Nachingwea.
Barua kutoka makao makuu! Kila tawi la shirika letu la mbegu litengeneze ukurasa wake wa tovuti, wakulima na mawakala wajue mbegu zinafika lini. Mtengenezaji bora atahamishiwa Dar. Dar! Miaka minne nimepangiwa huku. Mke wangu Lusia yuko kule, ameapa hakanyagi Nachingwea hata kwa kubebwa. Nina hamu naye mpaka inauma. Nimemwambia Meneja wetu, Bwana Saturnini, kwamba tovuti ndiyo fani yangu. Tovuti nimeiona mara mbili.

Mpinzani ninayemsikia ni mmoja tu, Doris, mpiga chapa wa tawi la Ruangwa. Mpiga chapa! Nimecheka peke yangu mpaka chai ikanipalia.

Jumatano, 7 Juni.
Nimepata kijitabu cha wanaoanza kutengeneza tovuti, cha fotokopi. Kinasema rangi ziwe chache, picha ziwe nyepesi, na kile anachotafuta msomaji kiwe juu. Ushauri wa watu wasiojua sherehe. Nimeweka maandishi ya njano juu ya nyekundu. Jina la shirika linawaka na kuzimika. "Karibu Nachingwea" inatembea kutoka kulia kwenda kushoto, haichoki. Nimeitazama nusu saa, kichwa kikaniuma. Dalili ya kazi nzito!

Doris amepiga simu, anaomba ushauri kwa ule upole wake wa kuudhi. Nimemwambia asiweke picha hata moja, wala rangi, makao makuu wanapenda hivyo. Amenishukuru sana. Maskini.

Jumamosi, 10 Juni.
Kijitabu kimesahau jambo kubwa: itifaki. Nani anaanza na ratiba ya mbegu kabla ya Meneja? Hata harusini mgeni rasmi hutambulishwa kwanza, chakula baadaye. Nimepanga picha za viongozi tisa kwa vyeo vyao, ratiba chini kabisa. Uwesu wa stoo amenuna kwa kuwekwa nyuma ya dereva. Nimempeleka mbele. Sasa dereva hanipi lifti.

Picha ya Meneja nimeitoa kwenye faili lake la ajira na kuiskani kwa ukubwa wa mwisho. Hajaiona, itakuwa zawadi. Tangu nimjue sijamwona bila kofia, hata mazishini. Kumbe ana kipara kizuri, kinang'aa.

Ijumaa, 16 Juni.
Bi Gaudensia wa makao makuu amefika. Meneja kando yake, kofia kichwani, wafanyakazi wote nyuma. Nikafungua ukurasa. Intaneti yetu ni ya waya wa simu, kwa hiyo picha ikaanza kushuka kutoka juu, mstari mmoja mmoja.

Kipara. Chai ya kwanza, kipara. Mandazi, bado kipara. Uwesu akatoka nje, nikamsikia akicheka hadi kwa mlinzi. Chai ya pili, nyusi zikachungulia. Meneja alikuwa ameshika kofia yake kwa mikono miwili. Bi Gaudensia akauliza mkulima wa Naipingo ataona wapi tarehe ya mbegu. Nikamwomba avumilie, wamebaki viongozi wanane.

Akafungua ukurasa wa Ruangwa. Mweupe, maandishi meusi, tarehe juu, namba ya simu chini. Ulifunguka kabla sijameza mate. Akasema Doris amemweleza kuwa ushauri wote niliutoa mimi, akanipongeza mbele ya watu kwa kufundisha vizuri. Sijawahi kuumizwa na pongezi namna ile.

Jumatatu, 26 Juni.
Uhamisho umekuja! Doris anakwenda Dar. Mimi nakwenda ghala la Marambo, hakuna umeme. Meneja amesaini mwenyewe, kalamu imetoboa karatasi.

Nimempigia Lusia. Akauliza Marambo iko upande gani wa Nachingwea. Nikamjibu si mbali. Akakata simu. Nimekaa nje ya kibanda cha simu nikalia kidogo, sioni haya kuandika.

Nimechunguza kosa langu. Si uzito wa picha, wala itifaki. Kosa ni kwamba picha inaanzia kichwani. Mkuu wa ghala la Marambo ni Bwana Protasi, naye nasikia havui kofia. Umeme utakuja tu. Huyo nitampiga picha ya mwili mzima, kubwa kuliko ile, halafu niigeuze miguu juu. Vitangulie viatu.