Mvua ya Mipaka

Injinia hakuwa injinia wa kitu chochote, lakini alikuwa na kofia ngumu ya njano, na mjini kofia ya namna hiyo humaliza maswali mengi. Asubuhi moja ya kiangazi alikuwa akipita kando ya bustani za mboga alipowaona wakulima wamesimama kwenye matuta, shingo zimepinda, wanalitazama wingu lililokuwa likijipitia zake. Akapunguza mwendo. Mtu anayetazama juu, alijiambia, hajui mkono ulio mfukoni mwake ni wa nani.

"Hilo lina maji," akasema, kwa sauti ya daktari anayesoma majibu. "Limekosa mbegu tu."

Mwenyekiti wa wakulima, mama mmoja mwenye macho ya kupima, akageuka. "Kumbe wingu nalo hupandwa mbegu?"

Hapo ndipo Injinia alipokuwa hatari, maana nusu ya maneno yake yalikuwa kweli. Aliwahi kusoma kijarida akisubiri zamu ya kunyolewa, na hakusahau kitu: kwamba vitone vya winguni ni vidogo mno, haviwezi kuanguka, kwamba wataalamu hurusha chembe za chumvi, maji yakapata pa kushika, yakaungana, yakawa mazito, yakashuka. Kijarida kilisema pia kwamba mara nyingi ni vigumu kujua kama mvua hiyo isingenyesha yenyewe. Sentensi hiyo aliipenda kuliko zote, na hakumsimulia mtu.

"Sasa hiyo mvua itanyesha wapi?" Mwenyekiti akauliza.

"Mtaa mzima, mama yangu."

Nyuso zikanywea. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na bustani za watu wengine, na mboga za wale zikikauka, za huku zingepanda bei.

"Hiyo hatuitaki," akasema Mwenyekiti. "Ikimnyeshea kila mtu, faida yake nini?"

Jamani! Wateja wa aina hii mtu huwaota tu. "Ipo mvua ya mipaka," Injinia akasema taratibu. "Ila ni ghali kidogo."

Akachora ramani. Bustani zao akazipaka rangi ya buluu, ng'ambo yote akaiacha nyeupe, akaandika: "Hapa pakavu, kwa dhamana ya mtaalamu." Akatia sahihi, akagonga mhuri, akapokea michango.

Siku ya tatu akapandisha jiko la mkaa juu ya paa la stoo ya mbolea, akamwaga chumvi ya mezani kwenye makaa. Ikapasukapasuka, moshi ukapanda, wakulima wakapiga vigelegele. Mpango wake ulikuwa kuwaambia kwamba mvua huchukua saa sita kuiva, kisha yeye ashike njia. Hajamaliza kushuka ngazi, tone likamwangukia puani.

Ilinyesha mpaka jioni, tena kwa hasira, bila kujua kusoma ramani. Bustani za huku zikanywa, za ng'ambo zikanywa. Na huko huko ng'ambo, kwenye kiwanja kilichopakana na bustani, matofali mabichi elfu nne yaliyokuwa yakianikwa kabla ya kuchomwa yakarudi kuwa tope.

Mwenye matofali alikuwa shemeji yake Mwenyekiti. Alimkamata Injinia kwenye kona ya barabara, vibarua wanne nyuma yake, ramani mkononi.

"Sahihi hii ya nani?"

"Yangu, lakini kaka..."

"Hapa pakavu. Kwa dhamana. Kiwanja changu kiko hapa."

Injinia akaona afadhali aibu kuliko kipigo. "Kaka, nisikilize. Mimi ni tapeli. Ile ilikuwa chumvi ya mezani. Mvua imekuja yenyewe!"

"Miezi mitatu hakuna tone. Umewasha jiko, imenyesha. Halafu unanidanganya kwamba wewe mwongo?"

"Usijishushe, mwanangu," Mwenyekiti, aliyekuwa amemfuata shemeji yake, akamwambia kwa upole. "Kipaji ni kipaji."

Maskini, maisha yake yote hakuwahi kusema kweli tupu namna ile, wala kuaminiwa kidogo namna ile. Michango akanyang'anywa, ikawa fidia ya mwenye matofali, na Injinia akaingizwa kwenye shimo la udongo: afyatue elfu nne mengine, akayaanike, na asiondoke mpaka yaingie tanurini makavu. Ikinyesha kabla ya hapo, anaanza upya.

Siku ya kumi na mbili mgongo wake ulikuwa mkavu kuliko matofali, na zilibaki siku mbili tu za jua yaingie tanurini. Mwenyekiti akaja, fundo la fedha mkononi.

"Mwanangu, tumechanga tena. Kamvua kadogo tu, kesho. Safari hii hata ikivuka mpaka hatutasema kitu."

"Mama, nakuapia, siwezi!"

"Ndivyo mafundi wanavyosema wakitaka nyongeza." Akaongeza noti moja, akaliweka fundo juu ya matofali, akaenda zake.

Injinia akalinyakua, akatoka mbio shimoni, matope magotini, akimfuata mama yule barabarani huku analia machozi ya kweli. "Mama! Chukua fedha zako! Nakuomba, mama, chukua fedha zako!"