Tela Limepata Lori

Jumatatu, 4 Desemba 1978

Siku kubwa! Wilaya imekumbuka kwamba tupo. Malori mawili makuukuu yako Ngara mjini, moja la petroli, moja la dizeli. Kijiji chetu kichague moja. Litakalobaki watapewa majirani zetu wa ng'ambo ya bonde.

Mimi ni Katibu wa Usafirishaji wa kijiji hiki cha ujamaa, mwaka wa pili sasa, na mali yote ya ofisi yangu ni tela. Tela bila lori. Kuku wa Mwenyekiti wanatagia humo. Watu wakinisalimia huniuliza tela limeamkaje.

Mwenyekiti Bernardo kaniita pembeni. Magunia sitini ya maharage ya askari wetu walioko vitani lazima yafike Biharamulo Jumamosi, siku ya Uhuru. Yasipofika, ananivua ukatibu, na Jumatatu nitakuwa shamba la kijiji na jembe mkononi kama watu wote. Jembe! Mimi niliyemaliza darasa la nane!

Jumanne, 5 Desemba

Mkutano wa kijiji. Shibuda kadakia kusema wa kwanza. Huyu ni Msukuma aliyehamia kwetu kutoka Shinyanga na maneno yake mengi. Zamani alikuwa utingo wa lori la pamba, basi anajiona injinia. Kasema kwa tela lenye mzigo, na milima hii yetu, ni dizeli tu. Eti inatoa moshi, inakwenda polepole, lakini inavuta, tena hainywi mafuta kama petroli. Watu wakaitikia kwa vichwa.

Sasa, kusema kweli, mimi mwenyewe nilikuja kusema dizeli. Hotuba nilikuwa nayo mfukoni. Lakini Shibuda akishasema dizeli, mimi nitasemaje dizeli? Nikasimama nikasema petroli! Nikawaeleza kwamba asubuhi za baridi huku kwetu dizeli haiamki mpaka uiwashie moto chini ya tumbo kama chungu cha maharage. Hawakushtuka. Shibuda akachokonoa meno.

Ndipo akili ikafanya kazi. Nikamgeukia Mama Domisiana, kiongozi wa akina mama. Shikamoo, mama. Nikamwuliza kwa upole mashine yetu ya kusaga inatumia mafuta gani. Dizeli, akasema. Nikamwuliza, je, lori la dizeli likija hapa litakunywa kutoka wapi?

Akina mama wote wakasimama kwa pamoja, na Mwenyekiti naye hula ugali. Petroli imeshinda! Nimerudi nyumbani nikipiga mluzi.

Alhamisi, 7 Desemba

Lori limefika! La buluu, taa moja nzima. Linawaka mara moja, kama nilivyosema. Dereva wake ni Gaspari, mtu mzima mpole aliyefundishwa udereva misheni. Kaja na pipa moja la petroli na onyo. Hakuna pipa jingine mpaka mwezi ujao, mafuta yote yanakwenda vitani. Hili linatosha kwenda Biharamulo na kurudi, tusipozurura.

Nani kazungumzia kuzurura? Lori jipya lazima lijaribiwe. Tukalijaribu hadi Keza. Keza walitoka wote nje! Tukalijaribu hadi Mabawe, kwa shemeji yangu, ambaye tangu harusi anasema sitafika popote. Tumeizunguka nyumba yake mara tatu. Kwa kuwa bado kulikuwa na mwanga, tukalijaribu hadi Nyakisasa. Kioo nimeshusha, mkono nje. Mzee mmoja mwenye mvi kichwa kizima kavua kofia akaniambia shikamoo. Kabla sijajizuia nikaitikia marahaba. Sijawahi kuwa na siku tamu hivi.

Ijumaa, 8 Desemba

Gaspari kachovya kijiti kwenye tangi. Kimetoka kikavu sehemu kubwa. Kasema petroli iliyobaki haifiki Biharamulo.

Mtu mwingine angelia. Mimi nilitazama kibanda cha mashine ya kusaga. Gaspari kanisihi, kasema petroli na dizeli hazikai tangi moja. Nikamwambia zote zinatoka ardhini, zote zinanuka, zote zinawaka, basi hao ni ndugu. Yeye ni dereva, mimi ni Katibu. Nimechukua madebe mawili, tutayamimina njiani. Pale kibandani nimeacha karatasi yenye sahihi yangu: Mafuta yamekwenda vitani. Si uongo kabisa.

Jumamosi, 9 Desemba. Uhuru!

Niandike yote, maana vitukuu wangu watataka kujua.

Tuliondoka alfajiri. Mwenyekiti kalazimisha Shibuda awe mpakiaji, akakaa juu ya magunia kama mfalme. Kila mlima lori lilihema, na kijiti cha Gaspari kikazidi kutoka kikavu. Tulipopita Nyakahura nikaamuru madebe yamiminwe. Lori likaenda vizuri kabisa. Kisha likakohoa. Likatoa moshi mweupe, likagonga tumboni, likazimika kwenye kilima cha mwisho kabla ya Biharamulo. Gaspari akakaa chini barabarani, akakishika kichwa.

Wakati huohuo majirani zetu wakapita na lori lao la dizeli na tela lao. Polepole, wakiimba. Wakapiga honi. Hapo niliona jembe waziwazi, hata mpini wake. Nakiri machozi yalinilenga.

Nilimngoja Shibuda acheke. Hakucheka, jambo ambalo ni baya zaidi. Karuka chini, kaenda kwenye mashamba ya Wasukuma wenzake waliohamia huko, kwa shemeji yake Ng'washi, aliyekuwa akilima na ng'ombe. Karudi na madume manane na nira zake. Wakawafunga mbele ya lori. Kama kiongozi wa msafara nikawaamuru ng'ombe waende. Niliwaamuru kwa Kihangaza, lugha yetu ya nyumbani, halafu kwa Kiswahili cha ofisini. Wakanitazama. Shibuda akapiga mluzi, akamwita kila mmoja kwa jina lake, na lori na tela na maharage yote vikaanza kupanda kilima! Mimi nikaingia ndani haraka, nishushe kioo.

Saa kumi jioni tuliingia Biharamulo katikati ya sherehe. Shangwe! Vigelegele! Bwana mmoja mkubwa wa serikali kashuka jukwaani, kauliza wazo hili ni la nani. Shibuda alikuwa bado anakohoa vumbi. Nikasema ni langu. Nikasema kijiji chetu kimeamua kila tone la mafuta liende kwa askari. Kanipa mkono, mikono yote miwili! Majirani na dizeli yao walifika tangu saa nane, wala hakuna aliyewapigia makofi.

Maharage yamefika siku ileile. Kwaheri, jembe!

Jumatatu, 11 Desemba

Tumerudi jana juu ya lori la majirani, tela letu limefungwa nyuma ya lao, maana lori letu limebaki Biharamulo kuoshwa tangi. Dizeli ina moshi sana. Nimewaambia hivyo njia nzima.

Jumatano, 13 Desemba

Barua ya yule bwana mkubwa imefika. Mwenyekiti kaisoma mkutanoni, na jina langu limo, Theonest, kwa herufi kubwa! Kijiji chetu ni cha kuigwa. Na kwa kuwa kijiji cha namna hii hakihitaji lori, lori litatengenezwa liende vitani. Tela libaki, livutwe na ng'ombe. Ng'ombe hao pia walime shamba la kijiji. Na Katibu aliyebuni jambo hili alisimamie kwa mikono yake mwenyewe.

Hapo Mama Domisiana akasimama na karatasi yangu ya kibandani. Kasema akina mama wametwanga siku tano. Kasema mikono iliyojua kubeba madebe itajua pia kushika jembe. Mwenyekiti kakubali. Kesho alfajiri niko shambani, nyuma ya ng'ombe.

Watu walicheka mpaka kuku wakaruka kutoka kwenye tela. Hawakuelewa! Nililotishiwa ni jembe la mkono, lenye mpini mmoja. Hili ni la kukokotwa, lina mipini miwili. Ukatibu ninao, tela ninalo. Nimepanda cheo!

Limebaki jambo moja dogo. Gari la wilaya lililoleta barua limeleta pia madume manne ya Ng'washi; atatuazima mawili, tuchague weusi au wekundu. Jioni niliwatazama, na moyo wangu ulikwenda kwa weusi, wamenona, wametulia. Lakini Shibuda kaja baadaye kasema weusi, kwa kuwa wekundu bado hawajafundishwa nira.

Basi ni wekundu. Kesho nitamwuliza Mama Domisiana, kwa upole, kama anajua ng'ombe weusi hunywa maji kiasi gani.