Msalaba Mkubwa Kuliko Yote Kamembe

Bandugu, leo nimepatikana. Mchana kweupe, ndani ya duka langu, mbele ya wateja, na ushahidi ukiwa juu ya paji la uso wangu mwenyewe.

Someni polepole. Ninaandika na kidole kimoja, na uso unaniwasha.

Wanaonijua wananijua. Kwa wengine: mimi ni Papa Josiane wa mabati, Kamembe. Shule niliachia mwaka wa nne wa primeri, kule Bukavu. Nilivuka mpaka na toroli moja, tena ya kuazima. Leo nina duka la milango miwili. Mabati, misumari, rangi, sementi, hata chekecheke ya waya mwembamba ambayo katika mji huu huipati kwa mwingine. (Ikumbukeni hiyo chekecheke.)

Kitu kimoja tu maisha yamenikatalia: msalaba. Kila Ijumaa Kuu parokia yetu inafanya Njia ya Msalaba kutoka sokoni mpaka kanisani, mlima mtupu, na muntu mmoja anabeba msalaba mbele ya wote. Miaka miwili sasa anabeba Mwalimu Anselmi, mstaafu, miguu kama vijiti vya brosheti za mbuzi. Misumari ya huo msalaba ilitoka kwangu! Vernisi ilitoka kwangu! Kuubeba, anabeba Anselmi.

Mwaka huu nikamwendea Maman Valeria, katekista wetu, yeye ndiye anayepanga. Akaniambia: "Papa Josiane, jina lako liko kwa karatasi. Lakini tutaangalia mwenendo wa muntu kuanzia Jumatano ya Majivu. Siku hiyo nitapita dukani, nikuambie."

Siku hiyo ni leo.

Sasa, jana niliaga nyama. Muntu anayeingia siku arobaini bila mbuzi lazima aage vizuri. Niliwasha imbabura, jiko letu la makaa, uani, nikachoma, nikaaga. Niliaga brosheti moja moja, kwa heshima, mpaka sahani ikabaki na vijiti. (Vilikuwa kumi na saba. Sijivuni, ninasema tu.) Maman Josiane hakuwepo kunizuia, alienda Rwimbogo tangu Jumatatu kumsaidia mama yake kuvuna.

Matokeo yake: leo asubuhi nimefungua macho, saa moja na nusu. Misa ya majivu kila mwaka ni saa kumi na mbili!

Bandugu, niliketi kitandani nikaona msalaba unaondoka, umebebwa na miguu miembamba. Maman Valeria atafika dukani, atakuta paji la uso langu safi kama sahani ya harusi. Mwenendo gani huo?

Ndipo nikaiona imbabura, pale uani, imejaa majivu.

Akili yangu ilinitoa kwenye toroli, haiwezi kushindwa na majivu. Nikachota kidogo. Yakadondoka, hayashiki. Nikasaga makaa ndani yake, nikatia na mawese kidogo. Nilifikiri hivi: majivu ya kanisa yanatoka kwa matawi ya Jumapili ya Matawi, mawese yanatoka kwa mchikichi, huo wote ni ukoo mmoja. (Hivyo ndivyo muntu anavyofikiri akiwa na kioo mkononi na hofu tumboni.)

Nikachora. Ukaenda upande. Nikanyoosha, ukanenepa. Nikarefusha, ukafika kwenye nyusi. Mwishowe ulikuwa msalaba mweusi, unaong'aa, mkubwa kuliko wote niliowahi kuona juu ya uso wa muntu. Nikajiangalia. Kweli, nilionekana mtakatifu.

Nikatoka.

Njiani niliona ajabu. Hakuna muntu mwenye majivu! Mama wa ndizi, uso mtupu. Kijana wa moto, juu ya pikipiki yake, uso mtupu. Nikasema moyoni: Kamembe imepotea, nimebaki peke yangu. Na mimi siwezi kuona dhambi nikanyamaza.

Wa kwanza alikuwa Deo, fundi muashi, amekuja kununua sementi.

"Deo, wewe si umebatizwa?"

"Nimebatizwa, Papa."

"Majivu yako wapi?"

"Nitaenda jioni."

"Jioni! Mungu akungoje mpaka umalize ukuta?"

Deo akaniangalia paji la uso, akataka kusema kitu, akaacha. (Deo, kwa nini uliacha?)

Jirani yangu Mzee Saidi, fundi wa nguo, alikuwa kwenye cherehani yake barazani. Yeye ni Mwislamu, Ramadhani yao nayo iko mlangoni.

"Mzee, ninyi munaanza lini?"

"Tunangoja mwezi. Kesho, ao kesho kutwa."

"Sisi hatungoji! Ona!" Nikamwonyesha uso.

"Naona," akasema. "Hata aliye Bukavu anaona."

Nikachukua hiyo kama sifa.

Saa nne, nani anapita? Mwalimu Anselmi! Na paji la uso lake, bandugu, tupu kabisa! Nilisikia furaha kweli. Duka lilikuwa na wateja kama sita. Nikapaza sauti.

"Mwalimu! Mubeba msalaba mzima, na hujapata majivu?"

Akasimama. Akaingia. Akavaa miwani yake, akanisoma uso kama anasahihisha daftari.

"Wewe umepakwa na nani?"

Hapo nilikuwa na nafasi ya kujiokoa. Ningekohoa. Ningeenda chooni. Badala yake nikasema:

"Na Padri mwenyewe! Ameweka kidole hivi, akakandamiza."

"Saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili. Nilikuwa wa kwanza kwa mstari."

"Mstari ulikuwa mrefu?"

"Mpaka nje!"

Mwalimu akatabasamu, akapanguza mfuko mmoja wa sementi, akaketi juu yake. "Basi ngoja nipumzike kidogo," akasema. "Maman Valeria ananifuata nyuma."

Akaingia. Kichwani Maman Valeria amebeba beseni lililofunikwa kitambaa cheupe. Akalitua juu ya meza yangu ya kuuzia, taratibu, kama mtoto aliyelala.

"Papa Josiane, habari ya asubuhi. Nimekuja, na nina haja. Wanasema chekecheke ya waya mwembamba iko kwako tu."

"Kwangu tu!" nikasema. (Hata hapo nilijivuna.) "Ya nini, Maman?"

Akafunua kitambaa. "Ya majivu. Tumechoma matawi sasa hivi tu, yamejaa vijiti. Padri yuko Nzahaha tangu jana, anapaka Wakristo wa sentrali, kigango cha kule, kwanza. Huku kwetu ni saa kumi na moja jioni. Si tulitangaza Jumapili?"

Matangazo! Bandugu, mimi siku zote hutoka kabla ya matangazo. Nasimama mlangoni ili watu wakitoka wanisalimie. Nilikuwa nadhani matangazo ni ya watu wasio na kazi.

Ndipo Maman Valeria akainua macho.

"Papa Josiane. Njo nini hiyo iko ku uso?"

"Ni... grisi."

"Grisi?"

"Ya toroli."

"Grisi ya saa kumi na mbili," akasema Mwalimu kutoka kwenye mfuko wake. "Kulikuwa na mstari mpaka nje."

Deo, aliyekuwa amerudi kwa mfuko wa pili, akaanza kucheka mpaka akashikilia rafu ya rangi. Maman Valeria hakucheka. Alisogea karibu, akanusa. Akanusa tena.

"Inanuka mbuzi," akasema.

Jumatano ya Majivu! Siku ya kufunga! Paji la uso linanuka mbuzi!

Na Mzee Saidi kule barazani, bila kuacha cherehani: "Sisi tunangoja mwezi. Wao hawangoji hata Padri."

Nilimpa Maman Valeria chekecheke bure. Akalipa. Hilo ndilo liliniuma zaidi.

Nikafunga duka, nikaosha. Sabuni, haitoki. Mchanga, haitoki. Petroli kidogo, ngozi ikawa nyekundu pande zote, na msalaba ukabaki katikati, mweusi, sasa umewekewa fremu.

Lakini jioni nilienda. Ningefanya nini? Niliketi benchi ya nyuma kabisa, mara ya kwanza maishani. Na Injili ya siku hii mnaijua: ukifunga, nawa uso, usijionyeshe kwa watu. Padri alipofika hapo, benchi moja baada ya nyingine iligeuka kuniangalia. Nikatazama viatu vyangu. Nilikuwa nimenawa! Mungu ni shahidi, nimenawa mpaka na petroli!

Kwenye mstari, wa mwisho. Padri akachovya kidole, akainua mkono, akasimama. Akatafuta nafasi. Akaniuliza kwa sauti ya chini:

"Papa, nikupake wapi?"

Akanimwagia utosini.

Sikutoka kabla ya matangazo. Nilibaki, nimekaa, nikasikiliza yote: ndoa, mafundisho, usafi wa kanisa. Mwishoni Maman Valeria akasimama. Msalaba wa Ijumaa Kuu: Mwalimu Anselmi. Halafu akageuza karatasi.

"Na kuchoma matawi kwa ajili ya majivu ya mwaka kesho: Papa Josiane wa mabati. Yeye ana uzoefu."

Kanisa zima likasema "Amina" bila kuulizwa.

Basi ombi langu ni moja. Wengine mumeacha pombe, wengine sukari, wengine nyama. Kunicheka mimi nako mukuhesabu kama brosheti ya mbuzi: mujizuie mpaka Pasaka.