Moyo Wangu Usitumike Kunishinda Nyumbani

Mheshimiwa Daktari wa Moyo,

Natumai barua hii itakukuta mzima, na mapigo yako yakienda kwa mpangilio kuliko yangu. Mimi ni yule fundi wa kufuli uliyemwambia, mbele ya mke wake, kwamba moyo mgonjwa unaweza kuunyima ubongo damu, mtu akaanza kusahau. Ukaongeza kwamba jambo hili huenda haliendi sawa kwa wanaume na wanawake, na watafiti bado wanavutana. Mke wangu alisikia nusu ya kwanza tu. Tangu hapo nyumba haikaliki, nami nalalamika kama ifuatavyo.

1. Ndoa yetu ilikuwa na ugomvi wa haki: leo nashinda mimi, kesho yeye. Siku hizi anashinda yeye tu. Nikisema chumvi imezidi, naambiwa nimesahau ladha ya chumvi. Nikisema shemeji hajanirudishia ngazi yangu, naambiwa ni moyo huo.

2. Dukani natundika funguo za wateja ukutani bila alama yoyote, maana nazijua kwa meno yake, kama mama anavyowajua mapacha wake. Mama watoto ameingia akazifunga nyuzi za kila rangi, akawatangazia wateja kwamba fundi anaumwa, wamvumilie. Mmoja alichukua ufunguo wake huku akinipa pole kama niliyefiwa na mimi mwenyewe.

3. Yeye naye ana presha. Akipanda ngazi za kwetu husimama katikati, akijifanya anatazama mandhari. Mandhari yenyewe ni ukuta wa jirani. Lakini wewe hukumshika hata mkono! Alikuwa amebeba mkoba wangu wa dawa, basi ukamhesabu mzima. Kwa nini mwanamume apewe vipimo, mwanamke apewe mkoba?

4. Kwa hiyo naomba uandike, na mhuri juu yake, kwamba wanawake nao husahau, tena kwa kasi. Kama sayansi haikuruhusu, basi mhamishie nusu ya ugonjwa wangu, tugawane kama tulivyogawana shuka miaka yote hii. Hilo nalo likishindikana, wake wapigwe marufuku kuwasindikiza waume hospitali. Wanaingia na masikio, wanatoka na silaha.

Nisalimie wauguzi wote, hata yule anayenikaripia nikipanda mizani na viatu. Msalimie na mlinzi wa getini, pamoja na wagonjwa wenzangu wa foleni.

Wako mwenye mapigo ya kusuasua,
Fundi wa Kufuli

Baada ya sahihi: Daktari, hayo ya juu yachane. Jana asubuhi mke wangu alinikaribisha chai kwa adabu kubwa, akanitolea kikombe cha wageni, akaniuliza kama mke wangu hajambo. Nikamjibu hajambo, ila ana maneno mengi. Akacheka. Mchana akarudi kuwa yeye, akanigombeza kwamba nimesahau kufunga dirisha, nami nikafurahi nusura nilie. Dirisha nilikuwa nimelifunga. Kliniki ijayo namleta. Umpime yeye kwanza, mkono, kifua, kila kitu, usiulize mkoba ni wa nani. Na akitaka kujua ni nani anayesahau nyumbani kwetu, nakuomba sana, mwambie ni mimi.