Kibali cha Kusema Chai Ni Tamu

Wananchi wote wanaarifiwa kwamba kuanzia Jumatatu, saa mbili kamili asubuhi, ni marufuku kwa mtu yeyote kusema chai ni tamu, chungu, nzito, nyepesi au ya kawaida bila kuwa na kibali.

Tangazo hilo lilitoka Idara ya Ladha za Majumbani, ghorofa ya nne, mlango wa pili baada ya choo, na aliyeliandika kwa mkono wake ni Karani. Aliandika rasimu saba. Katika rasimu ya sita alikuwa amesahau "ya kawaida." Akakumbuka akiwa kwa kinyozi, akarudi ofisini mbio na nusu ya kichwa haijanyolewa. Tundu kama hilo likiachwa wazi, taifa zima litajipenyeza humo.

Sababu ya sheria ilikuwa nzito. Maduka madogo yalikuwa yamejaa chai za Kichina na za Kijapani za bei nafuu: ya kijani iliyosokotwa vipunjevipunje, ya jasmini, nyeusi iliyoshindiliwa kama tofali, sencha yenye majani membamba kama sindano, na nyingine iliyochanganywa na mchele uliokaangwa. Watu walizinunua, wakaenda nazo nyumbani, wakazinywa, na hapo ndipo balaa lilipoanza. Walikuwa na maoni. Idara haikuwa imejiandaa kwa maoni.

Msimamo wa Idara ulijulikana. Chai bora ilikuwa moja tu, nayo ni ile ya Kopo la Dhahabu, ambayo kwa bahati njema kabisa huingizwa nchini na shemeji yake Mwenyekiti wa Idara.

Ubora huo haukupatikana kwa kubahatisha. Idara ilikuwa na utaratibu wake wa kuonja, uitwao Kufuata Ngazi. Chai ilitiwa maji ya moto saa tatu, Mwenyekiti akafika saa tano. Hakuna aliyethubutu kuyatoa majani birikani kabla hajafika. Mwenyekiti akapiga funda la kwanza, akatamka neno moja, kikombe kikashuka kwa Makamu, kikashuka kwa Mshauri, kikashuka kwa wakuu wa vitengo kwa mpangilio wa mishahara, hadi kikamfikia Karani. Karani alipokea tone la mwisho, la baridi, lenye alama za midomo tisa, akaandika: "Naunga mkono." Aliunga mkono kwa miaka tisa. Kwa njia hiyo Idara iligundua kitaalamu kwamba chai zote za kijani duniani ni chungu kama dawa ya minyoo. Kopo la Dhahabu halikupata tabu hiyo, kwa kuwa lilitangazwa bora kabla maji hayajachemka.

Mhalifu wa kwanza alipatikana siku ya kumi. Alikuwa fundi cherehani, mjane, mtaa mzima ukimwita Mama Pindo kwa jinsi anavyokunja pindo la nguo usione hata uzi. Tangu mumewe afariki, Jumamosi alasiri ndiyo siku pekee viti vyake vyote vilipata wakaliaji. Majirani walikuja, wakaonja chai tatu au nne, na mwisho Mama Pindo akabandika karatasi mlangoni. Ya wiki hiyo ilisomeka hivi:

"Ya vipunje, Uchina: kali kidogo, ina moshi, inaamsha. Ya mchele, Japani: inanukia kama jiko la mtu anayekupenda. Sencha ya pakiti ya kijani, ndiyo ya bei ya chini kuliko zote: tamu, tena hata majani yakitiwa maji ya tatu bado ina neno la kusema. Kopo la Dhahabu: harufu ya sanduku la nguo. Msinunue."

Mtaa haukununua. Mtaa wa pili nao haukununua. Shemeji akapiga simu.

Karani aliisoma anwani ya mhalifu mara mbili. Mama Pindo alikuwa shangazi yake, dada wa baba yake, aliyemlea na kumsomesha, na aliyemshonea hata suruali aliyokuwa ameivaa wakati huo.

"Mheshimiwa," alisema akiwa amesimama wima mbele ya meza, "huyu mama ni shangazi yangu."

"Vizuri sana!" alisema Mwenyekiti. "Utakuwa unajua birika liko wapi. Jumamosi tunakwenda kulichukua. Birika, vikombe, daftari, vyote. Wewe utaandika kumbukumbu, neno kwa neno. Ukiandika vizuri, Jumatatu wewe ni Katibu. Mlango wako mwenyewe, na kitasa chake."

Ijumaa jioni Karani alibisha hodi kwa shangazi yake.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Umekuja kama mtoto wa kaka yangu au kama Serikali?"

"Kama vyote viwili."

"Basi Serikali ibaki hapo nje. Mtoto wa kaka yangu avue viatu aingie."

Akavua, akaingia, akamweleza yote. Kisha akamwomba jambo moja dogo: kesho, wageni wakifika, aseme hana maoni yoyote kuhusu chai.

"Nisiwe na maoni?" Mama Pindo alikuwa amebana pini mbili midomoni, akazitoa. "Mimi nimeshona miaka thelathini. Nguo ikimbana mtu, namwambia inakubana. Chai ikiwa tamu niseme nini? Inabana?"

"Watakunyang'anya birika, shangazi. Watu hawatakuja tena."

Mama Pindo alizichomeka pini begani. Aliutazama mstari wa viti vyake, kimoja kikiwa na mguu uliofungwa kamba, kisha akaenda jikoni. Akarudi na kikombe kidogo, akakiweka mbele ya mpwa wake.

"Kunywa."

Ilikuwa sencha. Ilikuwa ya moto. Hakuna mdomo mwingine uliokuwa umekipitia kikombe kile. Karani akapiga funda, na kitu fulani kikamfunguka kuanzia kooni hadi magotini, majani mabichi na mvua na utamu usio na sukari. Akafungua kinywa kusema, akakumbuka rasimu saba, akaifunga midomo kwa vidole.

"Ehe?" alisema shangazi.

"Mmh," alisema Karani.

"Pole, mwanangu."

Jumamosi saa tisa Mwenyekiti aliwasili na askari wawili, mmoja mrefu na mmoja mfupi, pamoja na Kopo la Dhahabu lililobebwa kwenye mto wa kitambaa. Sebuleni walikuwamo Mama Pindo, fundi bomba wa nyumba ya pili, na mwalimu wa hesabu aliyestaafu. Cherehani ilikuwa imefunikwa kitambaa ikageuka meza. Juu yake kulikuwa na vikombe visivyofanana hata viwili, na vipande vya karatasi, kwa sababu kwa Mama Pindo kila mtu huandika kwanza ndipo azungumze, asije akaimba wimbo wa jirani.

"Kwa niaba ya Idara," alisema Mwenyekiti, "birika hili liko chini ya ulinzi."

"Linachemka," alisema Mama Pindo. "Mwambie askari wako asije akaungua."

Askari mrefu akarudisha mkono.

"Hata hivyo," Mwenyekiti aliendelea, "kwa mujibu wa kifungu cha kumi na moja, ushahidi sharti uonjwe kabla ya kuchukuliwa. Yasije yakawa maji ya kuoshea vyombo, Idara ikaaibika. Karani, andika."

"Naandika, Mheshimiwa."

"Haya, mimina."

"Bado," alisema Mama Pindo, akaliepua birika. "Maji ya chai hii hayataki fujo."

"Tunangoja nini?"

"Yatulie. Na wewe utulie pia, baba. Keti, kiti hicho hakiumi."

Mwenyekiti aliketi kwenye kiti chenye kamba. Mama Pindo akamwaga maji juu ya majani, akahesabu polepole hadi sitini kana kwamba Serikali haipo, akamimina. Fundi bomba akamwonyesha mgeni namna ya kuivuta kwa kelele, hewa na chai viingie pamoja, "kama bomba lililopata maji baada ya wiki." Mwenyekiti, ambaye kwa miaka mingi alikuwa akinywa chai iliyolowekwa kwa muda wa saa mbili, aliivuta.

"Lo!" akasema. "Tamu hii!"

Kalamu ya Karani iliandika: *Lo. Tamu hii.* Iliandika kwa mazoea, kama mguu unavyoshuka ngazi. Kisha ikasimama.

"Samahani, Mheshimiwa," alisema mwalimu kwa adabu ya mtu aliyesahihisha madaftari maisha yake yote. "Kibali chako kinaisha lini?"

"Kibali? Mimi ndiye ninayetoa vibali!"

"Ulijipa?"

Mwenyekiti alimgeukia Karani. Karani akafunua daftari la Idara, ingawa alilijua kwa moyo. "Kibali hutolewa na Bodi," alisoma, "na Bodi haiwezi kukaa bila kuwa na mjumbe mwenye kibali. Mpaka jana jioni vibali vilivyotolewa ni sifuri."

"Basi futa hilo nililosema."

Karani aliinua kalamu. Aliuona mlango wake mwenyewe, na kitasa chake kinang'aa. Akamtazama shangazi yake. Shangazi hakumtazama. Alikuwa anapangusa kikombe ambacho tayari kilikuwa kikavu.

"Haiwezekani, Mheshimiwa," alisema Karani, na sauti yake ilimshangaza mwenyewe. "Kifungu cha ishirini. Anayefuta kumbukumbu atahesabiwa amesema pamoja na mkosaji."

"Nani mpumbavu aliandika hicho?"

"Mimi, Mheshimiwa. Wewe ulitia sahihi."

"Haya, andika kwamba nimebadili mawazo. Chai ni chungu!"

"Nimeandika. Hilo ni kosa la pili."

"We mtu una wazimu? Chungu, tamu, inahusu nini? Chai yenyewe ni ya kawaida tu!"

Karani aliandika "ya kawaida" kwa mwandiko wake mzuri kuliko wote. "La tatu," alisema taratibu.

Fundi bomba akaanza kucheka, akajifanya anakohoa, kikohozi kikamshinda akacheka.

"Kimya!" Mwenyekiti alifuta jasho. "Leteni kopo. Wananchi hawa watazame chai halisi inavyonywewa. Nami sitasema neno. Hata moja! Tuone utaandika nini."

Mama Pindo alilifungua Kopo la Dhahabu kwa heshima zote. Akapasha maji upya, akahesabu kwa uangalifu uleule, akammiminia. Hakuna atakayesema chai ile haikupikwa kwa haki. Mwenyekiti akaivuta kwa kelele, kama alivyofundishwa, hewa na chai vikaingia pamoja, na kwa mara ya kwanza tangu aitangaze kuwa bora, aliionja.

Hakusema neno. Aliheshimu ahadi yake kwa ukamilifu. Ila jicho la kushoto lilijifunga lenyewe, pua ikapanda juu, na mdomo ukapinda ukaenda kukaa karibu na sikio.

"Sikusema kitu," alisema alipopata pumzi.

Karani alifunua kurasa mbili. "Kifungu cha tisa. *Kutoa hukumu ni kwa kinywa, kwa maandishi, au kwa kukunja uso.*"

"Sikukunja!"

"Mheshimiwa, umekunja," alisema askari mfupi, aliyekuwa hajafungua mdomo tangu afike. "Mimi niko upande huu. Nimeona hadi meno ya nyuma."

"La nne," alisema mwalimu, akijisahau, akachora kistari cha nne kwenye kipande chake cha karatasi.

Askari mrefu akajikuna kisogo. "Sasa tumkamate nani, maana gari lina nafasi moja."

Wote walimtazama Karani, na Karani akaitazama sheria, na sheria, kama ilivyo desturi ya kitu kilichoandikwa mara saba, haikuwa na tundu. Birika la Mama Pindo sasa lilikuwa kielelezo katika kesi ya Mwenyekiti. Kielelezo hakiguswi wala hakihamishwi. Hubaki pale pale kilipokutwa, katika hali ile ile kilimokutwa, yaani kikichemka, kikiwa kimezungukwa na majirani, kila Jumamosi hadi kesi itakapokwisha. Na kesi haingeweza kwisha, kwa kuwa ni Bodi ndiyo ya kuisikiliza. Upande wa pili, mkosaji wa makosa manne, hata kabla kesi haijasikilizwa, hutwaliwa chai yote anayomiliki, huondolewa kwenye kiti chochote cha Idara, na kwa miezi sita hunywa chai kimya mbele ya jirani mwaminifu.

Askari mrefu alilichukua Kopo la Dhahabu pamoja na mto wake, akatoka nalo akiwa ameligeuzia uso pembeni.

Mwenyekiti alibaki ameketi. Nje, watoto na wazazi wao walikuwa wamejaa dirishani, wengine wakiwainua wenzao waone. Karani alifunga daftari, akavua tai, akavuta kiti kilichokuwa wazi, akaketi karibu na shangazi yake. Mama Pindo akamsukumia kikombe bila kumtazama, ila bega lake likamgusa mpwa wake, likabaki hapo.

Hewa ya sebule ilijaa harufu ya majani mabichi.

"Mama," alisema Mwenyekiti hatimaye, kwa sauti ndogo. "Ile ya kwanza. Maji ya pili bado yapo?"

"Yapo, baba. Kwangu hanyimwi mtu. Lakini utakunywa kimya."

Akanywa kimya. Maji ya pili, maji ya tatu, yenye neno la kusema kuliko ya pili. Shingo ilimvimba kwa sifa alizozizuia, macho yakamlowa, mikono ikakishika kikombe kama mtu anayeota moto. Askari mfupi alikivuta kiti chake hadi magoti yao yakagusana, akamkazia macho usoni, asije akatabasamu.